Kimo cha Mwanabaraka

Asya alimpigia simu wifi yake siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi, wakati aliojua kuwa ndugu yake Haroub yuko kazini mbali na nyumbani. Alimwambia aje kwenye Kasri la Bi Nunu Alkhamisi, siku ambayo wenyeji huingia bure, na asimwambie mumewe. Rahila alipouliza kuna nini, Asya alijibu kwamba si jambo la kuelezwa kwenye simu, ni la kuonekana kwa macho.

Rahila alikuwa mshonaji wa sare za skuli huko Wingwi. Miaka kumi na tano alikuwa akiwapima watoto wa vijiji vile mabega, viuno na urefu, hata akimtazama mtoto njiani alijua anavaa saizi gani. Yeye mwenyewe alijaliwa mtoto mmoja tu, Mwanabaraka, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka mitano. Sasa ulikuwa umepita mwaka wa tisa. Watu waliokuwa wakimwita Mama Mwanabaraka walirudi kumwita Bi Rahila, kwa huruma, na ndani ya nyumba jina la mtoto likaacha kutajwa. Hakuna aliyelikataza. Liliacha tu, kama njia inavyoota majani ikikosa wapitaji.

Mumewe Haroub alikuwa fundi wa chokaa, mmoja wa wachache waliobaki Pemba wanaojua kuichoma, kuilaza majini na kuipaka kwa namna ya zamani. Ndiyo maana alichukuliwa miezi saba kulikarabati lile kasri lilipokuwa linageuzwa kituo cha sanaa. Lilikuwa jumba kubwa la mawe nje ya mji wa Wete, la mwenye mashamba ya mikarafuu wa zamani aliyeliita kwa jina la mkewe Bi Nunu, na kwa miaka mingi popo ndio waliokuwa wenyewe. Kazi ilipokwisha Haroub alirudi nyumbani na ujira wake, akatundika mwiko ukutani, na hakulitaja tena kasri lile. Siku ya ufunguzi alialikwa. Hakwenda.

Basi Alkhamisi Rahila alipanda gari mpaka njia panda, akatembea robo saa kati ya mikarafuu. Kasri lilikuwa limesimama juu ya mwamba, likitazama mkono wa bahari, jeupe hata likiumiza macho. Asya alimngoja mlangoni. Alikuwa dada mkubwa wa Haroub, mjane, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, na pale kituoni alikuwa ndiye mfagiaji, mpokea wageni na mtunza funguo. Walishikana mikono, wakaulizana hali za nyumbani. 

Asya alimpitisha kwanza katika vyumba vya chini, kama anayetaka kuchelewesha kitu. Chumba kimoja kilijaa vioo vya zamani vya kasri, arubaini na kitu, vilivyopofuka kwa unyevu. Rahila alisimama mbele ya kimoja akaona weusi wa buibui lake ukitikisika, lakini uso wake hakuuona. Akajaribu cha pili na cha tatu. Vyote vilimwonyesha nguo isiyo na mtu.

Chumba cha pili kilikuwa na vyandarua kumi na viwili vilivyoning'inizwa kwenye boriti, kila kimoja kimetandazwa hadi chini kama kuna mtu amelala, na ndani hamna kitu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Kimoja, cha karibu na ukuta, kilikuwa kikivutika na kutanuka polepole, kama kifua. Rahila alisimama kukitazama mpaka Asya akamshika kiwiko. Asya alimweleza kwamba msanii ameficha feni ndogo sakafuni, ndiyo inayofanya vile, na feni yenyewe ameiona kwa macho yake.

Walipofika nje, kwenye ngazi, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila leo umeme hakuna tangu alfajiri."

Walipanda juu. Chumba cha mwisho, watu walivyosema, kilikuwa cha watoto wa kasri. Hakikuwa na picha wala sanamu. Ukuta wake mmoja, mrefu na mweupe, ulijaa mistari mifupi ya penseli, mamia kwa mamia, na pembeni mwa kila mstari jina na tarehe. Kazi ile iliitwa Kimo. Kila mgeni alisimama akaupa ukuta mgongo, Asya akamwekea kitabu bapa kichwani, akapiga mstari, na mgeni mwenyewe akaandika jina lake. Walikuwamo wavuvi wa Makoongwe, waalimu, wazungu, na watu wa Kengeja waliokuja na lori zima. Rahila alidhani ameitwa apimwe, akaanza kuvua viatu. Asya akatikisa kichwa, akamvuta mpaka kwenye pembe, karibu na mlango.

Pale palikuwa na mistari saba, mmoja juu ya mwingine, imepandana kama vidato vya ngazi. Haikuwa na tarehe. Yote ilikuwa na jina moja.

Mwanabaraka.

Rahila alipiga magoti mbele ya ule wa chini. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala upande, na herufi k ilikuwa imegeuzwa, miguu yake inatazama kushoto. Ndivyo alivyokuwa akiiandika. Mwalimu wa chekechea alimsahihisha mara nyingi, na kila mara mtoto alisema amesikia, kisha akaigeuza tena. Rahila akanyanyua macho kwenye mstari wa pili, wa tatu, mpaka wa saba uliokuwa usawa wa kidevu cha mtu mfupi. Mistari ilipanda lakini mwandiko haukukua. Mkono ulikuwa uleule, wa mtoto wa miaka mitano.

Asya alieleza huku akitazama mlango. Ule wa chini kabisa aliukuta siku ya ufunguzi, akadhani ni mtoto wa fundi mmojawapo. Alkhamisi iliyofuata ukaonekana wa pili. Tangu hapo kila Alkhamisi asubuhi akifungua chumba hukuta mmoja mpya. Jumatano jioni hukifunga mwenyewe, na ufunguo hulala nao chini ya mto. Alimwambia msanii, yeye akabadilisha kufuli, na funguo zote mbili za kufuli mpya akampa Asya. Haikusaidia kitu.

"Nilidhani ni Haroub," alisema. "Nikaogopa akili ya ndugu yangu, ndiyo maana nikakuambia usimwambie. Lakini Haroub huu mwezi wa pili yuko Makoongwe anapaka msikiti, na harudi ila Ijumaa."

Rahila alifungua mkoba wake, akatoa futi ya kushonea, akapima kutoka sakafuni. Sentimita mia na tano. Mia na kumi na moja. Mia na kumi na saba. Mia na ishirini na tatu, ishirini na nane, thelathini na nne. Wa juu ulikuwa mia na arubaini. Alikaa kitako sakafuni na futi mapajani. Mtoto wa kike hukua vile hasa, senti tano au sita kila mwaka, na mtu hawezi kuzibuni namba zile kutoka kichwani kama hajawapima watoto miaka mingi. Mia na tano ndio urefu aliokuwa nao Mwanabaraka mwezi ule alioumwa. Rahila alijua, kwa sababu alikuwa amemkatia gauni la Idi, na gauni lile halikuvaliwa.

Alirudi Wingwi akakaa na habari ile kifuani. Ijumaa Haroub alikuja, akala, akalala, akaenda zake Jumamosi. Alipoondoka Rahila alitoa kitambaa cha sare kabatini, akakata sketi na shati la mtoto wa mia na arubaini, akashona mpaka adhuhuri. Hakuna aliyekuwa ameagiza. Alipomaliza aliining'iniza ile sare nyuma ya mlango, akaitazama muda mrefu. Haikumtia huzuni. Ilimtia hamu ya kujua ya wiki ijayo itakuwa na urefu gani, na hamu ile ndiyo iliyomwogopesha kidogo.

Alkhamisi ya pili mstari wa nane ulikuwapo, mia na arubaini na saba. Siku ile Bwana Zulfiqar mwenyewe alikuwapo chumbani. Yeye ndiye msanii aliyeibuni kazi ya Kimo. Alikuwa mtu wa Wete, ukoo wao wauza vitambaa dukani tangu enzi za babu yake, akaondoka kijana kwenda kusoma sanaa na kurudi na mvi. Asya alikuwa ameshamweleza kuhusu Rahila. Alimsalimu kwa adabu, akasema amekaa usiku mzima mmoja chumbani mle na taa na kamera, na hakuona kitu wala hakusikia kitu. Asubuhi mstari ulikuwapo.

"Bi Rahila, kuna jambo lingine inanipasa nikuonyeshe," alisema. "Sijui kama ninakutendea wema."

Alimpeleka kwenye mlango wa ndani, mlango mzito wa mbao, miimo yake imechongwa maua. Kwenye mwimo wa kulia, Haroub na wenzake walipokuwa wakikwangua chokaa ya zamani, walikuta alama zilizokatwa kwa kisu. Pembeni yake majina kwa herufi za Kiarabu. Bwana mwenye kasri alikuwa akiwapima watoto wake. Shehe mmoja alikuja akayasoma: Nasor, Hilal na Zuwena. Alama hizo ndizo zilizompa Zulfiqar wazo la ukuta wote.

Alama za Nasor zilipanda zikakoma kwenye urefu wa mwanamume mzima. Za Hilal vilevile. Kisha Zulfiqar akamwonyesha za Zuwena. Zilianzia chini kabisa, na ya nne ilikuwa imekatwa kwa kina kuliko zilizotangulia. Kutoka hapo ziliendelea, sawasawa, bila kuruka. Zilipita kimo cha ndugu zake. Zilipita kichwa cha Zulfiqar. Zilipofika mwisho wa mwimo ziliingia kwenye jiwe la juu ya mlango, na kutoka hapo zikaendelea ukutani kuelekea darini. Ya mwisho ilikuwa chini ya boriti, mahali ambapo Haroub aliifikia kwa ngazi.

Rahila aliuliza kwa nini wazazi wafanye vile. Zulfiqar alisema nyuma ya kasri kuna makaburi ya ukoo ule, na moja ni la mtoto, fupi, lina jina la Zuwena. Alikufa na miaka minne. Alisema hadhani kwamba baba yake ndiye aliyekata alama za juu. Kuta za wakati ule zilikuwa zikipakwa chokaa kila mwaka, na baadhi ya alama zimekutwa juu ya tabaka la mwisho, lililopakwa mwaka kasri lilipohamwa.

"Hakuna aliyemwambia kwamba basi, inatosha," alisema Zulfiqar, akawa kama mtu aliyejuta kusema.

Usiku ule Rahila hakula. Mtoto wa kimo cha mia na arubaini na saba aliweza kumwona akilini. Alimwona na mtandio, na miguu mirefu, amekaa barazani. Alimwona hata mkubwa kuliko hapo. Lakini kila alipofika urefu wa boriti picha ilikatika, akabaki na kitu kirefu kilichosimama gizani kwenye pembe ya chumba, kisicho na umri, kikingoja Alkhamisi. Hata hivyo asubuhi alikata kitambaa akashona sare ya pili. Ijumaa ile Haroub hakuja, kazi ya msikiti ilimzuia.

Alkhamisi ya tatu alikwenda mapema. Mstari ulikuwa mia na hamsini na mbili. Wageni walikuwa hawajafika, Asya alikuwa chini. Rahila aliweka kiganja ukutani. Mawe yalikuwa ya baridi kila mahali, isipokuwa pale, kati ya mstari na mstari. Pale palikuwa na joto, kama la mgongo wa mtu aliyetoka kuuegemea sasa hivi. Alilijua joto lile. Usiku wa mwisho alikuwa amempakata mtoto mpaka alfajiri, na homa ilipita nguo zake ikamwingia yeye. Aliegemeza paji la uso ukutani akakaa hivyo mpaka aliposikia sauti za watu ngazini.

Usiku ule alishona ya tatu, na Ijumaa Haroub alirudi na kukuta sare tatu nyuma ya mlango. Alikuwa mtu mkimya, mikono yake imechunika kwa chokaa miaka mingi. Alizishika moja moja. Aliuliza za nani, na mbona hazina vibandiko vya majina kama za wateja. Rahila alikuwa amejitayarisha kudanganya, lakini aliposikia sauti yake hakuweza. Alimweleza yote, kuanzia simu ya Asya mpaka joto la ukuta. Haroub alikaa kitandani. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Huo wa chini ni wangu," alisema. "Hiyo mingine wallahi si mimi."

Maneno yalimtoka kwa vipande. Alisema siku alipokuwa juu ya ngazi akikwangua, akafuata alama za Zuwena mpaka kwenye boriti, alishuka, hakupanda tena siku ile. Wenzake walikwenda kula. Yeye alibaki na ukuta aliokuwa ameupaka wiki iliyopita, mweupe, haujaguswa na mtu. Alichukua penseli yake ya kufanyia kazi akapiga mstari mmoja, usawa wa mkanda wake, mahali ambapo kichwa cha mtoto kilikuwa kikifika anapomkumbatia miguu. Akaliandika jina kama lilivyokuwa likiandikwa, na k imegeuzwa. Alikusudia kulifuta kabla ya magharibi, mkono ukakataa.

Kisha akasema jambo ambalo Rahila hakuwahi kulisikia. Siku ya pili ya homa mtoto alimwomba asiende kazini. Yeye akampa panadoli, akamwambia kesho atampeleka hospitali, akaenda. Miaka tisa alikuwa akingoja mkewe amuulize kuhusu siku ile, na mkewe hakuuliza, naye akachukua ukimya wake kuwa ndiyo hukumu.

Rahila alimwambia kwamba hakuwa akimhukumu. Alikuwa akidhani yeye ndiye anayehukumiwa, kwa kuwa alikuwapo nyumbani na hakumbeba mwenyewe kumpeleka. Hawakulia sana. Walikaa bega kwa bega kama watu waliobeba mzigo mmoja kwa njia mbili tofauti wakakutana mlangoni.

Haroub akauliza mstari wa mwisho una kiasi gani. Alipotajiwa alihesabu kwa vidole. Mistari tisa, kuanzia miaka mitano, ilikuwa imefika kumi na tatu. Mwanabaraka angekuwa hai angekuwa na kumi na minne.

"Wiki ijayo atafika umri wake wa kweli," alisema. "Ya baada ya hapo sitaki kuiona."

Jumatano walikwenda wote wawili kwa honda, pikipiki ya jirani. Asya aliwafungulia baada ya wageni kuondoka, akabaki nje ya mlango na tasbihi yake. Zulfiqar alikubali, akaomba asiwemo. Jua lilikuwa bado linaingia kwa dirisha la magharibi, likilala manjano kwenye ukuta wenye majina. Haroub alikaa sakafuni upande wa pili. Rahila alikaa kando yake. Hawakujua wanangoja nini. Popo wawili walipita dirishani. Chini, katika chumba cha vyandarua, kulisikika kitambaa kikivutika na kuachia.

Jua liliposhuka likagusa mstari wa tisa, Rahila aliinuka. Baadaye alisema hakuamua, miguu ilikwenda. Alivua viatu, akasimama kwenye ile pembe, akaupa ukuta mgongo kama wageni wanavyofanya, visigino vimegusa mawe. Joto lilimshika kutoka mabegani mpaka kiunoni. Alifumba macho.

Haroub ndiye aliyeona. Aliona ushungi juu ya kichwa cha mkewe ukibonyea polepole, katikati, kama umewekewa kiganja. Ulibonyea mara moja, ukajisahihisha kidogo upande, kwa uangalifu wa mtoto anayeiga alivyofanyiwa. Kisha nyuma ya kichwa cha Rahila ikasikika penseli ikikwaruza chokaa. Ilikwaruza mstari, ikatulia, ikaanza tena kwa vipande vifupi vifupi. Haroub alitaka kusimama na hakuweza. Penseli yenyewe hakuiona. Ile ya wageni ilikuwa juu ya meza, mbele ya macho yake.

Rahila hakutikisika mpaka ukimya uliporudi. Alipogeuka aliona mistari miwili mipya. Mmoja ulikuwa mia na hamsini na sita, na jina lilelile. Mwingine ulikuwa senti mbili juu yake, palepale kichwa chake kilipokuwa. Pembeni, kwa herufi kubwa zilizolala upande, paliandikwa Mama.

Alisimama mbele ya neno lile mpaka mwanga ulipoanza kukatika. Kwa muda Haroub aliogopa kwamba atasema anabaki. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuiona kwake tangu zamani, na furaha ile ilimtisha kuliko penseli. Kisha Rahila akaweka viganja viwili ukutani, mmoja kwenye kila mstari, akasema kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akimwitia mtoto kutoka uani.

"Mwanabaraka, umeshakua. Umekuwa saizi yangu. Sasa basi, mwanangu, usipande tena."

Haroub alikuja akasimama nyuma yake.  Mwishowe alitamka jina, mara ya kwanza kwa miaka tisa, akaomba radhi ya ile siku ya pili ya homa. Hakuna kilichojibu. Ila walipokuwa wamesimama vile, viganja vya Rahila viliona ukuta ukipoa, kuanzia juu kushuka chini, mpaka kwenye ule mstari wa chini kabisa, ukawa baridi kama kuta zote za kasri. Nje muadhini alikuwa ameanza, na Asya alikohoa kuwaita.

Haroub aliomba kwa Zulfiqar ruhusa ya kuipaka chokaa ile pembe, upana wa mlango, mpaka juu. Zulfiqar alikubali bila kuuliza. Juma zima Haroub aliilaza chokaa nyumbani katika pipa, akaikoroga asubuhi na jioni, na Alkhamisi akaja nayo. Asya alikuwa ameshakifungua chumba. Hapakuwa na mstari mpya. Haroub alipaka mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapaka wa pili, kisha wa tatu. Rahila alimshikia ndoo. Mkono wa kwanza majina yalikuwa bado yanaonekana kwa mbali, kama kitu chini ya maji. Wa pili lilibaki neno Mama tu. Alipolifikia mara ya tatu Haroub alimtazama mkewe, naye akaitikia kwa kichwa, mwiko ukapita.

Alama za Zuwena hawakuzigusa, hazikuwa zao. Lakini kabla hawajaondoka Rahila alizunguka nyuma ya kasri, akalitafuta kaburi fupi, akalisomea Fatiha. Sare tatu alizipeleka skuli, zikapata wa kuzivaa.

Asya aliendelea kukifunga chumba kila Jumatano na kukifungua Alkhamisi. Mwezi wa kwanza alipiga simu kila wiki kusema hakuna kitu. Baadaye akaacha kupiga. Pembe ile ilibaki nyeupe, na wageni waliokuja kupimwa hawakupenda kusimama pale. Walisema pana baridi.

Jioni ile ya kupaka, Haroub na Rahila walirudi Wingwi kwa honda, taratibu kwa sababu ya mashimo. Walipopita njia ya Konde, Haroub alisema bila kugeuka kwamba mia na hamsini na sita kwa miaka kumi na minne ni nyingi, angemshinda mama yake kwa urefu. Rahila alimwambia hiyo ni damu ya upande wa kina Asya, huko wote ni warefu. Haroub akasema na ukaidi wake je, umetoka wapi. Rahila akamkumbusha siku Mwanabaraka alipokataa kushuka mtini mpaka aletewe kiatu chake kilichodondoka shimoni, na jinsi yeye Haroub alivyoingia shimo lile na nguo za Ijumaa. Haroub alikuwa amesahau. Alisimamisha honda kando ya njia, akamwomba amhadithie tangu mwanzo.